Mkanda wa Ngozi Mbichi

Bingwa ni jina alilojipa mwenyewe. Hakuna aliyemshindanisha na mtu, hakuna kombe alilowahi kubeba, na kama iko siku watu walikusanyika wakamchagua kuwa bingwa wa kushona viatu, basi siku hiyo mimi nilikuwa nimelala. Aliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda chake: BINGWA WA VIATU. Rangi ilipochujuka akaandika tena. Mdogo wangu, ambaye ndiye mke wake, alimshikia ngazi mara zote mbili.

Mimi napiga pasi kwenye chumba kinachopakana na kibanda hicho. Kati yetu kuna ubao mwembamba usiozuia hata chafya, kwa hiyo habari hizi sikuletewa na mtu. Nilizisikia zikitokea, nikiwa nimesimama na pasi mkononi, maana kazi yangu ni ya kusimama. Kazi yake ni ya kukaa, na sijamwona binadamu mwingine akikaa kwa majivuno kama yeye.

Ufundi aliupata kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona sana na kusema kidogo. Bingwa alitoka pale na kushona. Kusema kidogo alikuacha hukohuko. Sitamdhulumu, mkono anao. Soli akiibandika haibanduki mpaka siku mwenye kiatu anapokitupa. Lakini debe hata likiwa na maji kiasi linaweza kuvuma, na huyu alivuma tangu anafungua kibanda hadi anakifunga. Alivuma juu ya mshono wake, juu ya macho yake yanayoona tundu la sindano gizani, na zaidi ya yote juu ya kigoda chake. Alikuwa na msemo: Bingwa hainuki.

Maana yake ni kwamba akishakaa asubuhi kwenye kile kigoda kifupi, haondoki mpaka jioni, labda haja imbane kweli. "Fundi anayeinuka-inuka," alikuwa akiwaambia wateja, "huyo bado mgeni kwenye kazi." Wateja walitikisa kichwa kwa heshima, kwa sababu viatu vyao alikuwa navyo yeye. Hakuna aliyemuuliza kama Bingwa hainuki, uzi unatoka rafuni kwa miguu gani.

Ulitoka kwa miguu ya mdogo wangu. "Uzi!" naye analeta. "Nta!" analeta. "Gundi!" "Maji!" "Nyundo ndogo!" Hakuwahi kusema niletee, seuze tafadhali. Alitaja kitu, kitu kikaja. Mdogo wangu alisimama nyuma ya bega lile miaka mingi mpaka akawa anajua uzi gani utaitwa kabla mdomo haujafunguka. Akajifunza na kazi yenyewe hivyohivyo, kwa kuchungulia. Bingwa alipokwenda kununua ngozi, yeye alikaa akamalizia mshono ulioachwa katikati. Jioni Bingwa aligeuzageuza kiatu, akausifu mshono ule, akidhani ni wake. Nilicheka peke yangu nyuma ya ubao mpaka nikaunguza kola ya shati la watu.

Sasa kuhusu mkanda. Fundi viatu akiweka kiatu juu ya goti, anahitaji kitu cha kukishikilia ili mikono yote miwili ibaki huru. Hutumia mkanda unaopita juu ya kiatu, ukashuka pande mbili za mguu, ukapita chini ya unyayo. Akikanyaga, kiatu kinabanwa. Akiinua kisigino, kinalegea. Ni kitu rahisi na kimewatosha mafundi wote ninaowajua. Bingwa hakikumtosha. Akabuni mtindo wake: anauzungusha mkanda mara mbili kwenye paja, juu kidogo ya goti, anapiga fundo, ndipo anaushusha unyayoni. Alisema hivyo kiatu hakichezi.

Yule mzee aliyemfundisha alipita siku moja kumsalimia, akaona. "Mguu haufungwi kama mzigo," alimwambia. "Halafu mkanda uwe wa ngozi kuukuu, iliyokwisha kunyooka." Bingwa akacheka mpaka akakohoa, na mzee alipoondoka akatuambia kwamba uzee ni kitu kibaya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu guu lake alikuwa amelifunga fundo kabisa, likisubiri.

Siku yenyewe mkanda wake ulikatika asubuhi. Mbele yake lilikuwa rundo la buti za walinzi, zenye soli nene, na mdogo wangu alikuwa nyumbani anapika. Kwenye msumari wa mlangoni ulining'inia mkanda wa suruali, mkuukuu, laini, ambao ungefaa kabisa. Ila msumari uko mlangoni na Bingwa yuko kigodani, na Bingwa hainuki. Pembeni, mahali mkono unapofika, ilikuwapo ndoo ya ngozi mbichi aliyoiloweka kwa ajili ya kuwambia viti. Akachana utepe mrefu humo, ukichuruzika maji, akauzungusha pajani mara mbili, akakaza fundo kwa meno na mkono.

Ngozi mbichi ikiwa na maji ni laini, unaipeleka utakako. Ikikauka hujikunja na kukaza, na fundo lake huwa gumu kama mfupa. Hilo nalijua mimi mpiga pasi. Yeye, bingwa wa ngozi, alilijua zaidi yangu, lakini kulijua na kulikumbuka wakati uvivu umekukalia ni mambo mawili. Na jua la pale huingia mlangoni likatua moja kwa moja kwenye mapaja ya aliyeketi.

Alianza kwa kulalamika kwamba mguu unamwasha kwa ndani. Baadaye nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Haya, umekufa ganzi. Sasa hutanisumbua."

"Shemeji," nikamwambia kupitia ubao, "inuka unyooshe mguu."

"Shemeji," akanijibu, "piga pasi."

Nikapiga pasi.

Mdogo wangu alipofika na chakula, jua lilikuwa limeshahama mlangoni. Akaweka bakuli, akaangalia chini. Kisha akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utoto wetu. Nilikwenda mbio. Mguu ule kuanzia juu ya goti kushuka chini ulikuwa umepauka, na vidole vyake nilipovigusa vilikuwa baridi. Mkanda ulikuwa umezama kwenye paja, nyama imefura juu yake. Bingwa mwenyewe alikuwa anashangaa kwamba akiviambia vidole vicheze havichezi.

"Lete kisu," nikasema.

"Usikate," akasema Bingwa. "Ngozi nzima hiyo. Fungua fundo."

Fundo halikufunguka kwa kucha wala kwa meno. Naye akakazana kusema usikate, usikate, mtu ambaye mguu wake unamfia mkononi anaihurumia ngozi ya ng'ombe. Mdogo wangu alichukua kisu cha kukatia soli, akapitisha ncha chini ya mkanda, akakata. Katika ndoa yao yote sikumbuki kabla ya hapo akifanya jambo aliloambiwa asifanye.

Wengi hudhani damu ikirudi, mambo yamekwisha. Bingwa naye alidhani hivyo kwa muda wa kama pumzi mbili, akaanza hata kutabasamu. Ndipo damu ilipoingia. Alipiga ukelele ulioleta watu kutoka barabarani. Mguu ukawa mwekundu, ukaanza kujaa, ukazidi kujaa, suruali ikabidi ichanwe. Kichwa chake kilikuwa kimevimba miaka yote. Siku hiyo na mguu ukajiunga.

Hospitali walimtundikia maji, chupa baada ya chupa, kwa sababu mkojo wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai kavu. Walisema misuli iliyokosa damu ikifumuka humwaga uchafu wake kwenye damu, na figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuuchuja. Wakamchora mguu kwa kalamu, wawe wanaangalia kama uvimbe unavuka mstari, na wakatuambia wazi kwamba ukivuka watapasua ngozi kuipa nyama nafasi, la sivyo itajibana yenyewe hadi ife. Mdogo wangu alikaa akiutazama ule mstari kwa namna ambayo sitaki kuiona tena usoni mwake. Haukuvuka. Bingwa akawaambia wagonjwa wenzake kwamba mguu wa mtu mwingine ungekatwa, lakini si wake.

Walipomrudisha nyumbani walimkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, ambaye alikuwa akija kumwona mara kwa mara. Kabla hajafika, alifika mtu mwingine: mama yake Bingwa. Huyo alikuja na mito yake mwenyewe. Akaamuru kitanda kisogezwe dirishani, akaamuru mwanawe asiguse chini. Maji anyweshwe, chakula aletewe, hata redio asigeuze mwenyewe. Na kwa kuwa mguu ulikuwa unatetemeka kila ukikanyaga, akauviringisha kitambaa na kukikaza, ati kuupa nguvu. Mguu ulioponzwa na kufungwa, dawa yake ni kufungwa. Nilipouliza kama amefikiri vizuri, akaniambia, "Wewe mwanangu nguo zako zinakungoja."

Mtaalamu alikifungua kitambaa kile, akakikunja, akakitia kwenye mkoba wake. Siku zile za mwanzo alitaka mambo madogo tu: vidole vikunjwe na kukunjuliwa, kisigino kivutwe kitandani, asimame kidogo akishikilia ukuta. Hakutaka mguu ukandwe kwa nguvu, wala hakutaka ushujaa. Bingwa alifanya yote mbele yake. Alipotoka tu, mito ikarudi.

Huku kibandani, mdogo wangu alikuwa amekalia kazi. Hakukalia kigoda cha Bingwa, hakuthubutu. Alileta kiti chake kirefu zaidi kutoka jikoni. Akachukua ule mkanda mkuukuu wa mlangoni, akaupitisha juu ya kiatu na chini ya unyayo, basi, bila kuzungusha paja. Kila akimaliza mshono aliinuka, akaenda rafuni, akarudi. Buti za walinzi zikatoka zote. Mteja mmoja aliniambia Bingwa safari hii ameshona vizuri kuliko kawaida yake. Nikamwambia nitazifikisha salamu.

Nilizifikisha. Bingwa alisema mshono mzuri hutokana na mwalimu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku mtaalamu alipotoa utepe wa kupimia. Akapima paja zima, akapima paja gonjwa, akaangalia alichokuwa ameandika mara ya kwanza, akapima tena. Mguu haukuwa umenenepa. Ulikuwa umekonda zaidi ya ulivyotoka hospitali.

"Mzee," akamwuliza Bingwa, "unafanya mazoezi?"

"Nafanya sana."

"Mguu unasema hufanyi."

Mama yake Bingwa akaingilia. "Anapumzika, daktari. Damu si imesharudi? Sasa mguu unataka kupumzika."

Yule mwanamke akakaa kitandani. Nilipenda kwamba hakumwambia yeye, alimwambia mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na gilasi ya maji.

"Damu kurudi ni mwanzo tu," alisema. "Misuli ni nyuzinyuzi. Zikikosa damu kwa muda mfupi zinasinzia tu, damu ikirudi zinaamka. Zikikosa muda mrefu, nyingine zinakufa. Za mume wako nyingine zilikufa. Mwili kwanza unafagia maiti, ndiyo maana alikuwa na maumivu na uvimbe wiki zile. Halafu pembeni ya kila uzi kuna chembe ndogo zinazolala tu siku zote, kama hazina kazi. Mtu akiumia ndipo zinaamka. Zinaongezeka, zinaungana, zinajenga uzi mpya. Kwa mume wako zimeamka, na zinajenga."

"Basi vizuri," akasema Bingwa kutoka kwenye mito.

"Si vizuri bado. Uzi mpya ni mwembamba na hauna nguvu. Unanenepa kwa kazi. Ukiwekewa uzito kidogo leo na kidogo kesho, unakomaa. Ukilazwa, unabaki hivyohivyo, na mahali pake panajaa kovu na mafuta. Sasa ndio wakati wake. Huu ukipita, sitakuwa na la kufanya, atabaki na mguu mwembamba, atauvuta mpaka mwisho." Akaiangalia ile gilasi. "Nani anamletea maji?"

Mdogo wangu akasema, "Mimi."

"Na chakula? Na redio?"

"Mimi. Na mama."

"Basi nyinyi ndio mnaomkondesha mguu."

Sikuwahi kumwona mtu akiwekwa mahali pake kwa sauti ndogo kiasi hicho. Mama mtu alivuta pumzi kwa hasira, akaenda kupanga mito ambayo ilikuwa imepangwa. Lakini mdogo wangu hakusogea. Alibaki na ile gilasi, na machozi yakamtoka kimyakimya, kwa sababu yeye alikuwa amempenda mtu huyu kwa miguu yake miwili, akienda na kurudi, na sasa anaambiwa mapenzi yale yanamla mwenzake nyama.

Jioni alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya kapu la nguo.

"Dada, siwezi. Akiniita mwili wangu unainuka wenyewe."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," nikamwambia.

"Huyu si mwana, dada."

"Tofauti ni ndevu."

Akacheka kidogo, akajifuta. Halafu akauliza kitu kilichonionyesha kwamba tayari alikuwa ameamua. Aliuliza kama naweza kumsaidia kuhamisha rafu.

Mtaalamu alikuwa amesema Bingwa anaweza kurudi kazini kwa masharti: akae kwenye kiti kirefu, asifunge kitu chochote pajani, na kila anachohitaji akifuate mwenyewe. Tukakipanga kibanda kwa ajili hiyo. Rafu ya uzi tukaiweka ukuta wa mbali. Gundi tukaipeleka karibu na mlango. Nta tukaiweka kwenye dirisha la nyuma. Kigoda kifupi nikakichukua mimi, nakikalia mpaka leo nikila chakula cha mchana. Nilifanya kazi ile kwa furaha, na sioni haya kusema kwamba furaha yenyewe haikuwa ya kheri tupu.

Bingwa akaja, anauvuta mguu, mama yake amemshika kiwiko. Mdogo wangu akamwambia mama kwa adabu zote kwamba kibanda ni kidogo, na wajukuu wake wanamngoja nyumbani. Bingwa akauliza kigoda kiko wapi. Akakaa kwenye kiti kirefu kwa uso wa mtu aliyewekwa juu ya mti. Mteja mmoja alikuwa anasubiri, amesimama kwa mguu mmoja, mwingine uko kwenye soksi. Mimi niliziacha pasi zangu, nikasimama mlangoni na shati la mtu mkononi kama sababu.

"Uzi!" akasema Bingwa.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chake, buti juu ya goti. Niliuona mwili wake ukiinuka kweli, wenyewe, kama alivyosema. Akaurudisha chini.

"Uzi!"

Mteja akabadilisha mguu.

"Wewe, hujasikia?"

"Nimesikia."

"Basi?"

"Uko rafuni."

Bingwa akaangalia rafu ilipokuwa, haipo. Akaangalia ilipo. Akaniangalia mimi, kwa sababu alijua hila ile ina mkono wangu, na alikuwa amejua sawasawa. Akasema mke wake amerogwa. Akasema atauza kibanda. Akasema mengine ambayo mteja alijifanya hayasikii. Yote yalipokwisha, uzi ulikuwa bado rafuni.

Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akainuka. Ule mguu ulitetemeka suruali nzima ikatikisika. Alikwenda kwa kuburuza, jasho linamtiririka shingoni, na safari ya kuvuka kibanda kile ambacho mimi nakivuka kwa kupiga chafya ilimchukua muda wa mteja kuvaa kiatu kisichotengenezwa na kukivua tena. Sikumwangalia yeye. Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa ameshika msharasi wa kutobolea ngozi mpaka vidole vimepauka, macho yameganda kwenye buti, na hakushona hata tundu moja. Sijui nani kati yao alikuwa na kazi ngumu zaidi. Najua nani alilalamika.

Bingwa alifika, akachukua uzi, akarudi, akajitupa kitini.

"Umeona, shemeji?" akaniambia akihema. "Bingwa."

Nikarudi kwenye pasi zangu, maana kuna watu ukiwajibu unawapa chakula.

Ikawa hivyo kila siku. Nilimsikia kupitia ubao: kiti kinalia, mguu unaburuzwa, mguu unakanyaga. Mwanzoni aliita bado, uzi, nta, gundi, akingoja baada ya kila neno. Halafu kungoja kukafupika. Mburuzo ukapungua, ukawa hatua nzito moja na nyepesi moja, halafu masikio yangu yakashindwa kutofautisha ipi ni ipi. Wateja wakimpa pole alieleza kwamba damu ya ukoo wao ni kali, hupona yenyewe. Yule mtaalamu hakumtaja. Mke aliyekata mkanda na kukaa kitini huku roho inamtoka, huyo hakumtaja kabisa. Mtu mwingine angeaibika, lakini aibu nayo inataka pa kukaa, na mle ndani nafasi yote ilikuwa imeshachukuliwa.

Siku ya mwisho mtaalamu alimpimia kibandani. Akazungusha utepe paja zima, akazungusha jingine, akamwonyesha mdogo wangu. Karibu yalingane. Akamwambia Bingwa asimame kutoka kitini bila kushika kitu, akasimama. Akamwambia apande kwenye kizingiti na ashuke kwa mguu ule, akapanda, akashuka. "Nyuzi zimekomaa," akasema yule mwanamke, akafunga mkoba wake. Alimpa mkono mdogo wangu kwanza, ndipo Bingwa.

Hakuwa amefika hata kona ya barabara, Bingwa akaketi, akanyoosha miguu yote miwili, akaitazama kwa kuridhika.

"Haya," akasema. "Nimepona. Sasa mambo yarudi yalivyokuwa."

Akasogeza meza karibu. Akavuta debe la misumari likafika mkononi. Akaweka kiatu gotini, akajipanga vizuri, na kwa ile sauti ya zamani, ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau, akaita.

"Uzi!"

Niliweka pasi chini. Nilikwenda mlangoni pao bila hata kubeba shati. Nitasema kweli, niliogopa, kwa sababu mguu ulikuwa umepona na hakukuwa tena na mtaalamu wa kusingizia. Kama mdogo wangu angeinuka sasa, angeinuka mpaka kaburini.

Mdogo wangu alikuwa anashona. Alivuta uzi mpaka ukakaza, akapitisha sindano upande wa pili. Hakuinua kichwa.

"Ukienda kuchukua wako," alisema, "niletee na mimi. Wa kahawia."

Bingwa akaweka kiatu chini. Akauangalia mguu wake, akitafuta kisingizio, na mguu ulikuwa mzima, mnene, hauna alama isipokuwa mstari hafifu pale mkanda ulipozama. Haukumsaidia. Akaniangalia mimi. Mimi pia nikauangalia mguu.

Akainuka. Akaenda rafuni, hatua za mtu mzima, akachukua wake, akapapasa, akachukua na mwingine, akarudi akampa. Mdogo wangu akautazama. Ulikuwa mweusi. Akamrudishia, na Bingwa akageuka, akaenda tena.